Amri Moja, Macho Mbali Mbali

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake, twaingia katika darsa yetu.

Enyi ndugu zetu Waislamu! Darsa hii ina khabari ya kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa jicho, nacho ndicho kitoacho amri ya kufanyizwa kwa jicho lenyewe. Kitu hicho ni protini iitwayo Pax6. Imo ndani ya mwanadamu, imo ndani ya panya, imo ndani ya ngisi wa baharini, na imo hata ndani ya nzi mdogo arukaye juu ya maembe yaliyooza. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Qur'ani Tukufu imemtaka mwanadamu aangalie ameumbwa kwa kitu gani, na wito wa kutazama viumbe na kuzingatia umerudiwa humo mahali pengi. Ya pili ni kwamba kuharibika kwa kitu hiki kidogo humfanya mtoto azaliwe na ila katika macho yake, na ujinga wetu wa jambo hili huleta katika majumba ya Waislamu dhulma ambayo dini yetu haina radhi nayo. Hiyo ya pili ndiyo tunayoielekea. Lakini haitafahamika mpaka ifahamike ya kwanza. Basi msomaji na astahamili kidogo.

Ilimu ya jicho si ngeni kwa Waislamu. Al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitabul Manadhir katika karne ya 11, akabainisha ya kuwa jicho huona kwa mwanga utokao katika vitu na kuingia ndani yake, wala si kwa miale itokayo machoni kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Naye hakutosheka na kunakili maneno ya wakale. Alijaribu na kupima. Lakini haitufai kitu kujisifu kwa kazi ya waliopita ilhali sisi wenyewe tumekaa kitako. Ilimu hiyo imeendelea mbele, na haya tuyaelezayo ni ukurasa wake mmoja wa zama zetu.

I. PROTINI NA KAZI YA KUAMRISHA

Kila kiwiliwili kilicho hai kimejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya seli ya mwanadamu mna nyuzi za urithi 46, nazo huitwa kromosomu: 23 zimetoka kwa baba na 23 zimetoka kwa mama. Juu ya nyuzi hizo kuna sehemu ziitwazo jeni, na kila jeni ni mfano wa maandishi ambayo kwayo seli hutengeneza protini. Protini nayo ni mnyororo wa vipande viitwavyo amino asidi, vilivyopangwa kimoja baada ya kimoja kama punje za tasbihi. Ila punje za tasbihi ni za namna moja, na hivi ni vya namna 20, na mpango wao ndio unaoipa kila protini umbo lake na kazi yake.

Protini nyingi ni watenda kazi. Iko ichukuayo hewa katika damu, ziko zivunjazo chakula tumboni, na ziko zijengazo nyama na ngozi. Lakini liko kundi ambalo halijengi wala halichukui. Kazi yake ni kuamrisha. Protini za kundi hili huushika uzi wa urithi mahali maalumu, na kwa kuushika huko huzifanya jeni nyingine zifunguke zifanye kazi, au zifungike zinyamaze.

Na hapa pana fundisho kubwa. Seli za jicho na seli za ini, takriban zote, zina maandishi yale yale kamili. Lililozitafautisha ni kurasa zipi zilizofunguliwa na zipi zilizofungwa. Ndipo tunapojua kwamba kufanyizwa kwa kiumbe ndani ya tumbo la mama hakutaki vifaa peke yake. Kunataka na amri ya kuvitumia, kwa wakati wake, mahali pake, na kwa kipimo chake.

II. JAMII YA PAX

Pax6 si pweke. Ni mmoja katika jamaa, na mwanadamu anazo protini za jamaa hiyo tisa, zinazohesabiwa tangu Pax1 hata Pax9. Jina hili limetokana na jeni ya nzi iliyopewa jina lenye maana ya jozi, iliyoonekana Heidelberg, Ujerumani, katika kazi ya Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliyoitangaza mwaka 1980, na ambayo iliwapatia Tunzo ya Nobeli mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis wa Marekani. Mtoto wa nzi asiye na jeni hiyo hukosa pingili moja katika kila pingili mbili za mwili wake. Baadaye ikaonekana kwamba kipande kimoja cha protini hiyo, chenye amino asidi 128, kimo pia katika protini za wanyama wengine wengi, na kipande hicho ndicho mkono unaoushika uzi wa urithi. Kila protini yenye mkono huo ikahesabiwa kuwa ya jamii ya Pax.

Kila mmoja ana kazi zake. Pax2 huhusika na kujengwa kwa figo na mshipa wa fahamu wa jicho. Pax3 huhusika, pamoja na mengine, na seli zitiazo rangi. Na ikiharibika mtu huweza kuzaliwa na shungi la nywele nyeupe, macho ya rangi ya kigeni, na pengine uziwi. Pax8 ni ya tezi ya shingoni, na Pax9 ni ya meno, hata mwenye ila ndani yake huweza kukosa magego. Pax6 ndiyo ya jicho, ingawa inatumika pia katika ubongo, pua na kongosho.

III. KHABARI YA NZI ASIYE NA MACHO

Mwaka 1915 Bibi Mildred Hoge, huko Marekani, aliandika khabari ya nzi wa matunda waliozaliwa na macho madogo mno au bila ya macho kabisa, na ila yao ikirithiwa kizazi baada ya kizazi. Muda wa miaka karibu 80 ilijulikana kwamba iko jeni iliyoharibika, wala haikujulikana ni kitu gani hasa.

Mwaka 1991 wachunguzi wengine, wasiokuwa na haja na nzi, walipata mambo mawili. Waliotafuta sababu ya ugonjwa wa macho wa wanadamu uitwao aniridia waliifikia jeni yake katika kromosomu ya 11. Na waliochunguza panya wa namna fulani wenye macho madogo waliona kwamba ila yao imo katika jeni hiyo hiyo. Protini ya mwanadamu na ya panya zikalinganishwa: kila moja ina amino asidi 422, na mpango wao ni mmoja, hakuna hata moja iliyotafautiana.

Kisha mwaka 1994, katika mji wa Basel, Uswisi, Rebecca Quiring na Walter Gehring na wenzao waliisoma ile jeni ya nzi wa mwaka 1915, wakaona ni Pax6. Ule mkono wake ulifanana na wa mwanadamu kwa 94 katika mia. Jambo hili liliwashangaza wataalamu, kwani jicho la nzi halifanani na letu hata kidogo. Letu ni moja lenye kioo kimoja, na la nzi ni mkusanyiko wa vijicho kiasi cha 800 vilivyopangwa kama sega la nyuki. Mpaka siku hizo ilikuwa ikifundishwa kwamba macho ya wanyama yalitokea mbali mbali, bila ya uhusiano, angalau mara 40.

Mwaka wa pili, 1995, Georg Halder, Patrick Callaerts na huyo Gehring wakafanya jaribio lililotangaa duniani. Waliifanya Pax6 ya nzi ifunguliwe mahali pasipokuwa pake: katika sehemu ambazo zingekuwa miguu, na mbawa, na pembe za kichwani. Na macho yakaota huko, juu ya miguu na juu ya mbawa. Wakajaribu tena, mara hii kwa Pax6 ya panya badala ya ile ya nzi. Macho yakaota vile vile.

Msomaji atauliza: yaliota macho ya namna gani? Jawabu lake ndilo kiini cha darsa. Yaliota macho ya nzi, si ya panya. Mfano wake ni muadhini wa Lamu aliyefika Mombasa akaadhini. Wito ni ule ule, na watu wa Mombasa wataufahamu na kuitika. Lakini watakwenda kwenye msikiti wao uliojengwa kwa mawe yao, wala hautazuka msikiti wa Lamu kwa kuwa sauti ni ya mtu wa Lamu. Pax6 haibebi ramani ya jicho. Inaita tu kwamba hapa na pajengwe jicho; na seli za nzi hazijui kujenga ila la nzi.

IV. NGISI WA BAHARI YETU

Sisi watu wa pwani tunaye shahidi mwengine karibu. Atazamaye jicho la ngisi sokoni, au la pweza, ataona kwamba limekaribia mno kuwa kama la mtu: lina kioo, lina duara na lina chumba cha ndani. Ilhali ngisi hana mifupa ya uti wa mgongo, na yuko mbali na sisi kuliko samaki alivyo mbali na sisi. Na tena ukilipasua utaona tafauti. Seli zipokeazo mwanga katika jicho la ngisi zimeelekea mbele, kwenye mwanga. Zetu zimegeuka nyuma, na nyuzi za fahamu hupita mbele yake, kisha zikakusanyika na kutokea mahali pamoja; na mahali hapo jicho letu halioni kitu. Ngisi hana doa hilo.

Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Pax6 ya ngisi, ikitiwa katika nzi, nayo huotesha macho ya nzi. Kwa hiyo majengo yametafautiana mno, na mwenye kupiga mbiu ni wa jamaa moja.

Lakini tusipite mpaka. Pax6 haifanyi kazi peke yake. Ziko protini nyingine zinazoshirikiana nayo, na huamrishana na kusaidiana. Wako pia vijidudu bapa wa maji ambao jicho lao likikatwa huota tena hata Pax6 yao ikizuiliwa. Basi mwenye kusema kwamba siri yote ya jicho imo ndani ya kitu kimoja amezidisha. Ilimu ya haki hujua inapokoma.

V. TWASEMAJE JUU YA UFANANO HUU?

Wanasayansi, takriban wote, wanaufahamu ufanano huu kuwa ni dalili ya nasaba moja ya wanyama, na shina lake wanaliweka nyuma ya miaka milioni 500. Tunajua kwamba neno hili huwatia wasiwasi baadhi ya ndugu zetu, na wako wanaowaambia vijana wayaache masomo haya kabisa kwa kuhofia imani yao. Nasi twasema kuna hatari mbili za kuepukwa.

Ya kwanza ni kukanusha lililoonekana. Kwamba protini ya panya hujenga jicho la nzi ni jambo lililojaribiwa, wala halipunguki kwa kulikasirikia. Kijana aliyeambiwa kwamba dini yake haikubaliani na jambo aliloliona kwa macho yake maabarani, huogopewa asiiache dini wala asiyaache maabara. Ya pili ni kudhani kwamba kuijua njia ni kumwondoa Mwenye kuipitisha. Ajuaye kwamba mvua hutoka katika mawingu hakuacha kumshukuru Mwenye kuinyesha.

Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, aliyekuwa mwalimu wa Sayyid Rashid Rida, alilizungumza suala la asili ya viumbe katika kitabu chake ar-Risala al-Hamidiyya, mwishoni mwa karne ya 19. Msimamo wake ulikuwa kwamba mategemeo ya Muislamu ni kuamini kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba, ameumba kwa mara moja au kwa daraja baada ya daraja. Na lau ingethibiti hoja ya kukata, basi maandiko yangefahamiwa kwa namna isiyopingana nayo. Katika asili ya mwanadamu wanavyuoni wana kauli mbali mbali, na darsa hii haikukusudia kuumaliza mjadala huo. Imekusudia tusiogope kusoma.

VI. KIPIMO KIKIPUNGUA

Kila mtu ana Pax6 mbili, ya baba na ya mama. Mmoja wa panya tuliowataja, akiwa na moja nzima na moja mbovu, huzaliwa na macho madogo. Akiwa nazo zote mbili mbovu, huzaliwa hana macho wala pua, na hufa papo hapo. Na ajabu ni kwamba panya aliyezidishiwa Pax6 kupita kiasi naye macho yake huharibika. Si kuwa nayo tu, bali kuwa nayo kwa kipimo.

Kwa mwanadamu, moja ikiwa mbovu, hutokea aniridia. Mtoto huzaliwa bila ya lile duara la rangi linaloizunguka mboni, au likawa na upungufu mkubwa, hata jicho likaonekana jeusi katikati lote. Mwanga humuumiza, macho huchezacheza, na uoni huwa dhaifu. Katika umri wake huogopewa kupata mtoto wa jicho, presha ya jicho, na ukungu wa kioo cha mbele. Ni ugonjwa wa nadra: katika watoto 40,000 hata 100,000 huzaliwa mmoja.

Tuyashike mambo matatu. Kwanza, mzazi mwenye ugonjwa huu, akiwa baba au akiwa mama, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuurithi. Pili, katika kiasi cha thuluthi moja ya wenye ugonjwa huu hakuna mzazi aliyekuwa nao. Badiliko limetokea upya, na si kwa kosa la mtu yeyote. Tatu, wako wanaoharakia kulaumu ndoa ya binamu. Ndoa za jamaa wa karibu huzidisha maradhi mengine ya kurithi, lakini aniridia si katika hayo, kwani huhitaji jeni moja tu iliyoharibika.

VII. BEDUI NA NGAMIA WAKE

Sasa twafika tulikokuwa tukienda. Mtoto wa namna hii akizaliwa kwetu, husemwa nini? Husemwa ni jini, husemwa ni mkosi, husemwa mama alitenda jambo. Huitwa mganga, hufungwa hirizi, hutolewa fedha. Na pengine mume husikiliza maneno ya barazani, akamwacha mkewe au akamuolea juu yake kwa hasira, na mtoto akafichwa ndani asionekane na wageni.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamshitakia kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye kwa maneno hayo alikuwa akimtilia mkewe shaka. Mtume hakumkemea wala hakumkubalia. Alimuuliza juu ya ngamia zake, ni za rangi gani. Akajibu kwamba ni nyekundu. Akamuuliza kama hakuna ndani yao wa rangi ya kijivu. Akajibu kwamba wako. Akamuuliza wametoka wapi hao, na bedui akajibu kwamba huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Ndipo Mtume akamwambia kwamba na mwanawe huenda ni mshipa uliomvuta.

Tazameni, ndugu zetu! Alimrudisha mtu yule kwenye jambo alilolijua mwenyewe katika zizi lake, na kwa hilo akaihifadhi heshima ya mwanamke na nasaba ya mtoto. Hatukanushi kwamba jicho la hasidi limetajwa katika hadithi. Tunalokanusha ni kumhukumia mtu kwa dhana, bila ya ushahidi, ilhali sababu ipo na imejulikana.

VIII. YATUPASAYO KUTENDA

Mtoto akionekana na ila hii na apelekwe kwa daktari wa macho mapema, wala isingojewe arubaini. Na ikiwa hakuna mzazi mwenye ugonjwa huu, basi haraka ni zaidi. Kwa sababu pengine kipande cha kromosomu kilichokatika kimechukua na jeni ya jirani inayolinda figo, na mtoto akawa katika hatari ya saratani ya figo ya utotoni. Uhusiano huu umejulikana tangu mwaka 1964. Madaktari humpima damu kwa uchunguzi wa jeni, na mwenye hatari hupigwa picha ya ultrasaundi ya figo kila baada ya miezi mitatu hivi katika miaka yake ya kwanza, ili uvimbe ukitokea ukutwe mdogo nao unatibika. Fedha za hirizi na ziwe nauli ya hospitali. Kila mwezi uliopotea kwa mganga huenda ukawa ndio mwezi uliokuwa ukitakiwa.

Na mtoto mwenyewe asifichwe. Apewe miwani ya kukinga mwanga, akalishwe mbele darasani, asome Qur'ani na asome skuli. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa, naye alikuwa muadhini wa Mtume, na akaachiwa uongozi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Nani basi katika sisi atakayeona haya kwa mtoto mwenye uoni dhaifu?

MASWALI YA KUDURUSIWA

1. Seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yale yale. Ni nini kilichozitafautisha?
2. Pax6 ya panya ilipotiwa katika nzi, kwa nini halikuota jicho la panya?
3. Baba ana aniridia na mama hana. Ni sehemu gani ya uwezekano kwa kila mtoto wao? Na je, mama ana lawama yoyote?
4. Mtoto mwenye aniridia ambaye wazazi wake wote wawili ni wazima, kwa nini hupimwa figo?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wenye kuwatendea uadilifu wake zetu na watoto wetu. Wallahu aalam.